Amerika Nyuma ya Shuka la Mama

Kazi yangu ilianza Jumamosi, saa tisa na robo mchana, ndani ya depo ya pamba, ghala lililoko Kalundu, kwenye bandari ya mji wetu wa Uvira. Uhuru wetu ulikuwa na miaka mitatu, na mimi kumi na mitano. Imekwisha juzi, Jumamosi pia, saa ile ile, kwa hiyo hakuna atakayesema nilikosa nidhamu. Sasa nina miaka kumi na sita na nimestaafu. Wastaafu wa bandari hupewa baiskeli na hotuba. Mimi nimebaki na shuka na daftari hili. Na kwa kuwa kila mstaafu lazima awashauri wadogo zake wa kazi hata wasipomwomba, nami nitashauri, ingawa sijui kama atatokea mwingine anayetaka kujifunza kuwatembeza watu katika miji ya makauboi ya Amerika bila kuwatoa Uvira.

Cheo changu kilikuwa Sauti. Kuhusu kupandishwa cheo sina mengi: nilianza juu ya mkeka, nikapanda kwenye gunia la mbegu za pamba, nikaishia kwenye kiti cha miguu mitatu. Kuhusu mshahara sina hata hayo.

Bosi wangu, na mwalimu wangu, alikuwa Papa Anzuruni, fundi umeme wa bandari. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu; vingine viwili vilibaki ndani ya winchi, naye huvitaja kama watu waliohama mtaa. Mzungu mmoja mwenye duka alivuka mpaka wiki ya uhuru bila kumaliza chai yake, akamwachia mashine ya sinema, kikuza sauti, kipaza sauti, mota ya petroli na filme. Filme moja. Ndani yake baba, mama na watoto wawili wa Kiamerika wanasafiri kwa gari wakitembelea miji minne ambako watu huvaa kofia pana, hupiga magitaa na kuwakumbuka wachunga ng'ombe wa zamani. Hakuna anayeuawa, hakuna anayeolewa. Dakika ishirini na mbili za watu wanaotazama vitu, na sisi tunawatazama wao.

Picha ilikuwa hai lakini sauti ya filme ilikuwa imekufa. Ilikuja na karatasi kumi na moja za Kifaransa zenye maneno yake, na zilizobaki zilikuwa saba. Nne mke wa Papa Anzuruni alizifungia karanga kabla hajaambiwa kwamba ni Amerika. Akihitaji mtu wa kusoma hizo saba kwa Kiswahili, Papa Anzuruni alikuja kwetu Mulongwe, mtaa wa kando ya mto.

"Mama Feliste, nataka binti yako. Ile Kifaransa ya masomo ifanye kazi kidogo."

"Huyu?" Mama alicheka hadi akashika ukuta. "Huyu hata kuku akimwangalia, anaficha uso."

"Ndiyo nataka wa kuficha uso. Atakaa nyuma ya shuka. Filme inapigwa mbele, yeye iko nyuma. Nani atamwona?"

"Shuka ya nani?"

Papa Anzuruni alikuwa akitazama kupitia mlango wa chumba, kitandani, ambako lilitandikwa shuka la arusi la Mama, jeupe, lililoshonwa kwa mashuka mawili. Ndivyo tulivyoajiriwa wawili siku moja, mimi na shuka. Nadhani hasa alikuwa amelifuata shuka.

Siku ya kwanza watu walijaa depo nzima, wamekaa juu ya magunia, na vumbi la pamba likawapigisha chafya kwa zamu. Mimi nilikuwa nyuma ya shuka na kipaza sauti. Nikasema, "Karibuni Amerika." Kikuza sauti kikaichukua sauti yangu nyembamba, kama upepo unaovuja kwenye chuchu ya baiskeli, kikairudisha nene na yenye shibe, kama ya mtu mwenye nyumba ya matofali. Niliipenda papo hapo. Ni aibu kuandika, lakini ndivyo.

Karatasi ya kwanza hadi ya tatu nilisoma vizuri. Ya nne ilikuwa imekwenda na karanga. Kwenye shuka ulionekana mji wa pili, barabara yenye nyumba za mbao na mto ukipita nyuma yake. Papa Anzuruni aliinama kando ya shuka.

"Sema."

"Haiko, Papa. Karatasi haiko."

"Sema hata haiko. Picha haingoji muntu."

Hilo ndilo somo la kwanza la kazi yetu, na sikuongezewa jingine kubwa kuliko hilo. Nikafumba macho, nikasema kitu cha kwanza nilichokijua kuhusu mito: "Huu ndio mto wao. Mvua ikinyesha milimani, maji yanaingia majumbani usiku bila hodi, na watu wanapandisha magodoro juu ya meza." Mle gizani wanawake wa Mulongwe wakaitika pamoja, "Eee." Mmoja akasema kwa huruma, "Kumbe hata huko." Tangu siku hiyo mji wa pili wa Amerika ulikuwa na mafuriko, kamati ya mafuriko, na mwenyekiti wa kamati ambaye hajawahi kuonekana siku ya mvua.

Nitawaeleza miji yenyewe, maana mgeni wa kazi lazima aijue.

Mji wa kwanza ni duka la kofia. Kuna majengo mengine, lakini yamewekwa ili watu wapate mahali pa kutokea wanapokwenda kununua kofia. Msiharakishe hapo. Watazamaji wanapenda kuchagua.

Mji wa pili nimeshausema. Una pia mashindano ya kukaa juu ya fahali mwenye hasira. Karatasi inasema ni burudani.

Mji wa tatu ni jukwaa la nyimbo. Mtu mzima mwenye shati lenye nyota anafumba macho, anapiga gitaa na kufungua kinywa, nasi hatusikii kitu. Karatasi ilisema anaimba kuhusu treni iliyoondoka na mchumba wake. Nilipolisoma hilo, mama mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa mbona amevaa vizuri hivyo?" Jumamosi iliyofuata nikasema ameimba msiba wa mama yake na shati ni la kuazima, na watu wakaridhika.

Mji wa nne ni nyumba ya vitu vya marehemu. Wachunga ng'ombe wakifa, Waamerika huchukua viatu vyao, kofia, na hatamu za farasi, wanavifungia ndani ya kioo na kulipisha watu waje kuvitazama. Kwetu siku ya kuondoa msiba vitu vya marehemu hugawanywa kwa ndugu, wanagombana, inakwisha. Kila mara nilipofika kwenye kile kioo, mtu fulani nyuma ya depo alisema, "Huyo hakuwa na shemeji."

Mwalimu wangu wa pili hakualikwa. Mzee Sebagabo ni mfugaji wa milima ya juu, mtu wa kanisa, mrefu kama mlango. Huteremka kila Ijumaa na siagi, na zamani alikuwa akipanda tena Jumamosi asubuhi. Alipoambiwa kuna ng'ombe ndani ya shuka, akaanza kupanda Jumapili. Juma lake la kwanza nilisoma karatasi kama ilivyo: "Hapa mnaona ng'ombe wekundu elfu mbili wa bwana huyu." Nikasikia magunia yakilia. Wafugaji wote alioteremka nao walikuwa wamesimama, wanatoka. Kisha fimbo ikasukuma shuka pembeni, na Mzee Sebagabo akaingiza kichwa upande wangu.

"Ni weye unasema?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Sauti nene ilikuwa imebaki ndani ya mashine.

"Mwana wangu, nani alikufundisha kuhesabu ng'ombe ya muntu mbele ya watu? Unataka zife?"

"Iko kwenye karatasi, Mzee."

"Karatasi haina ng'ombe. Toa ile hesabu. Na ile ya mbele si nyekundu. Ile ni bihogo, ile ingine ni gaju. Usiite ng'ombe kama unaita nguo."

Niliitoa hesabu. Ng'ombe wa Amerika hawakuhesabiwa tena Kalundu, na inaonekana iliwafaa, maana hakuna aliyekufa hadi mwisho. Nilijifunza bihogo, rangi ya udongo iliyokolea, na gaju, iliyofifia, nikayakosea majina hayo kila wiki, na kila wiki Mzee akakohoa kwa hasira mle gizani. Yule fahali wa mashindano alimuuma moyo zaidi. Alimtazama akirukaruka na mtu mgongoni, akauliza kila mara swali lile lile: "Amewakosea nini?" Nilimwuliza siku moja mbona anarudi kama inamuuma. Akasema kuna ng'ombe mmoja, wa nne kutoka nyuma, anachechemea, na anataka kuona kama kuna mtu atakayemwangalia kwato. Mara arobaini tuliionyesha filme ile. Hakuna aliyemwangalia.

Sasa nifike kwenye kosa, maana kumbukumbu za wastaafu hulificha na mimi nimeahidi kuwa mkweli. Watu wa mbali waliokuja kwa maboti walianza kusema ile sauti haitoki Kalundu. Kuna mtu anakaa Amerika kweli, anasema nasi kwa waya. Papa Anzuruni badala ya kukana alifurahi. Alichukua chaki, akaandika kwenye ubao wa mlango: LEO AMERIKA INASEMA NA KALUNDU. Nami niliuona ubao huo. Ningeweza kusema, "Papa, futa." Lakini nilipita sokoni nikasikia watu wakibishana kama Sauti ina wake wawili au mmoja, na nikaenda nyumbani nimejaa kama mtungi. Mimi ambaye mwalimu akinitaja jina hujibu kwa kutazama kiatu. Niliacha ubao ukae.

Kisha waasi wakafika. Serikali ilikimbia kwa haraka hata ikasahau kutuambia. Depo ilifungwa, shuka likabaki limening'inia ndani, na mimi nikadhani nimepewa likizo. Baada ya majuma machache ndege zilianza kupita juu ya ziwa, chini sana, na watu wakasema ni za Waamerika. Waasi wakaanza kutafuta foni, zile mashine za kusema na watu wa mbali, kwa sababu lazima kulikuwa na mtu anayeziita ndege. Mtu aliyekutwa na foni hakurudi kwake. Hilo si la kufanyia mzaha na silifanyii.

Ijumaa Mzee Sebagabo alileta siagi kwetu, lakini hakuiweka chini.

"Wamemuchukua Anzuruni jana. Wamekuta ile mashine na waya, na ubao. Muntu mugeni aliwaambia ndiyo foni ya Amerika."

"Si aseme ni ya sinema," Mama alisema.

"Amesema. Wakamuuliza: na sauti, ni ya nani? Akasema ni ya mashine yenyewe." Mzee alinitazama, akaacha kunitazama. "Wanamuhukumu kesho, mbele ya watu, pale pale depo."

Nilielewa. Mashine isemayo yenyewe ndiyo foni. Mtu aliyenipa somo moja tu la kazi alikuwa amechagua kufa kuliko kutaja mtoto, na hakufanya hata kelele juu yake.

Mama aliniambia nisitoke. Alinishika hata mkono. Asubuhi alinisuka nywele, taratibu, mistari minane, kama ninakwenda kupokea ekaristi. Hivyo nikajua tunakwenda wote wawili.

Depo ilijaa kuliko siku yoyote ya Amerika. Komanda wa waasi alikaa mbele ya meza, kijana ambaye hakufika miaka thelathini, mgeni wa nchi yetu, amevaa kofia pana ya ngozi iliyofungwa kidevuni. Katika mji wetu wa kwanza, ule wa duka la kofia, asingeulizwa ametoka wapi. Mezani kulikuwa na kikuza sauti, kipaza sauti na karatasi zangu saba. Papa Anzuruni alikaa chini, amefungwa mikono, shavu limevimba. Aliponiona alitikisa kichwa mara moja: rudi.

"Mara ya mwisho," Komanda alisema. "Sauti ni ya nani?"

Nilitaka kusema, "Ni yangu." Nilifungua kinywa kama yule mwimbaji wa mji wa tatu, na watu hawakusikia kitu. Nyuso zote za Uvira zilikuwa pale. Basi nikafanya kitu pekee nilichokijua: nilipita katikati ya watu, nikapita mbele ya askari mwenye bunduki ambaye nadhani alishangaa tu, nikaingia nyuma ya shuka la Mama, nikakaa kwenye kiti changu cha miguu mitatu.

"Karibuni Amerika," nikasema.

Bila mashine, ilikuwa sauti ya chuchu ya baiskeli. Nikaendelea. Nikawatembeza duka la kofia, nikawavusha kwenye mto, nikapandisha magodoro mezani. Mtu akacheka puani, kisha mwingine.

"Toka huko," Komanda alisema.

Nilitoka. Alikuwa ameshika karatasi zangu, anasoma Kifaransa mwenyewe, safi.

"Ulifika Amerika mwaka gani?"

"Sijafika. Nimefika Lemera tu, hospitalini. Kung'olewa jino."

"Huu mto wa mafuriko, haumo humu. Nani alikuambia?"

"Hakuna. Karatasi haikuwepo. Niliutoa Mulongwe."

"Na wewe unataka niamini msichana anasema uongo huu wote peke yake, kila wiki?"

Hapo Mzee Sebagabo akasimama, na kila mtu mbele yake akainamisha kichwa ili aonekane, ingawa hakukuwa na haja.

"Komanda, huyu mwana iko mwongo. Miye ni shahidi. Hajue ng'ombe. Gaju anaiita bihogo. Hakuna muntu wa Amerika anaweza kukosea vile, hata kama ni mubaya."

"Alisema wanakula ndagala na bugali," mama mmoja akasema kutoka kwenye magunia. "Wazungu na visamaki vya ziwa?"

"Alisema sherifu wao anaitisha kazi ya mtaa kila Jumamosi, watu wanafagia barabara," mwingine akadakia.

"Alisema yule wa gitaa shati ni ya kuazima."

Walinishtaki mmoja baada ya mwingine. Kila uongo wa miezi kumi ulitolewa, ukapanguswa, ukawekwa mezani. Sijawahi kutukanwa hivyo na sijawahi kupendwa hivyo. Hatimaye Mama Zuhura, muuza mihogo, jirani yetu, akasema kwa uchovu, "Komanda, hii sauti tunaijua toka Jumamosi ya kwanza. Ni binti ya Mama Feliste. Anakohoa vile vile kwenye kwaya."

"Mlijua wote?"

"Sisi wa hapa, wote."

"Mbona hamkusema?"

"Ana haya," Mama Zuhura alijibu, kama mtu anayeeleza kwamba maji yanalowesha. "Angeacha."

Miezi kumi nilijificha nyuma ya shuka, na Uvira nzima ilikuwa imejificha upande wa pili ili nisijue. Waambieni wadogo zangu wa kazi: hilo ndilo pazia la kweli, lile jingine ni kitambaa tu.

Komanda hakuwa mjinga, alitaka kuhakikisha. Akaamuru mota iwashwe na Papa Anzuruni afunguliwe mikono aunge waya. Nikapewa kipaza sauti.

"Waite."

"Nani?"

"Waamerika."

Nikaita. "Allo, Amerika. Hapa ni Kalundu." Sauti nene ikajaa depo. Tukangoja. Komanda alitazama mashine, askari wakatazama dari, watu wote mia kadhaa wakatega sikio. Mota iliguruma. Amerika haikujibu. Mzee Sebagabo akasema taratibu, "Waulize ile ng'ombe ya kuchechemea," na nikauliza, nayo haikujibiwa.

Komanda alivuta kofia yake mbele kuficha mdomo. Nadhani alikuwa anacheka, lakini mtu wa kazi yangu hapaswi kusema asichokiona. Alimwachia Papa Anzuruni. Mashine, kikuza sauti na filme akabaki navyo. Alisema mapinduzi yanahitaji kusikika. Ubao aliufuta mwenyewe kwa kiganja. Ilikuwa saa tisa na robo na dakika chache. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Papa Anzuruni alitembea nasi hadi njia panda, polepole, Mama akimshika upande mmoja. Alinipa mkono wake wa vidole vitatu.

"Nilikuambia urudi."

"Picha haingoji muntu, Papa."

"Hata filme haiko," alisema, na akaenda kwake kulala.

Asubuhi yake, Jumapili, hakukuwa na misa kwa sababu padri alikuwa ameondoka na serikali. Nililichukua shuka, limekuwa la kijivu kwa vumbi la pamba, nikateremka nalo mtoni. Wanawake walikuwa wameshatangulia, wamejaa kwenye mawe yote mazuri. Zamani ningezunguka nipate mahali pa peke yangu kule chini. Nilikaa katikati yao, nikalowesha shuka, nikaanza kulipiga juu ya jiwe.

"Eh, Amerika," Mama Zuhura aliita kutoka ng'ambo, na wote wakageuka kunitazama. "Habari ya huko?"

Niliinua uso.

"Mto umepungua," nikamjibu, kwa sauti ya kufika ng'ambo. "Watu wanafua."